Kwani Huko Kila Siku ni Siku ya Chanjo?

Juzi asubuhi jirani alikuja akasimama nje ya lango letu. Lango lenyewe linafika magotini, halina komeo, angeweza kuliruka bila kutoa mikono mfukoni, lakini alisubiri nimwone. Mzee wa miaka sabini na ushei, kofia mkononi. Akaomba radhi kwa kunisumbua. Akasifu hali ya hewa. Akasifu mawaridi ya mavyaa wangu. Akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba akasema jana jioni alimwona Doris kwenye majani yake, hana kamba, na pengine mimi kama mgeni sikuambiwa kuwa ni mpaka tarehe 20 Agosti. Akaomba radhi mara ya pili, akaenda zake.

Kama mgeni! Miaka kumi na moja niko Uswidi.

Kusemwa na mtu anayekuomba radhi ni adhabu ya aina yake, maana hupati hata pa kujibia. Kwetu Lushoto jirani angesimama kwake, siyo kwangu, akapaza sauti mpaka bonde zima lijue mbwa wa nani kala kuku wa nani. Tungerushiana mawili matatu, na jioni mtoto wake angekuja kuomba kiberiti. Yamekwisha. Huyu kaniachia upole wake hapa mezani na sijui niuweke wapi.

Niwaeleze kwanza Doris ni nani. Ni mbwa wa mavyaa, ana miezi kumi, mweusi mwenye shingo nyeupe, wa ile mbegu ya border collie iliyozalishwa kuchunga kondoo kwenye mpaka wa Scotland na England. Mavyaa alifanyiwa upasuaji wa nyonga wakati wa masika ya huku, daktari akamkataza kuvutwa na kiumbe chochote, kwa hiyo sisi ndio tuliokabidhiwa nyumba ya shamba, mawaridi na mbwa, tangu wiki ya Midsommar mpaka katikati ya Agosti. Nyumba iko Dalarna, karibu na ziwa Siljan: ya mbao, nyekundu, pembe nyeupe, kama nyumba nyingine zote mpaka upeo wa macho, kwa sababu wote wanapaka rangi ile ile ya asili ya mgodi wa shaba wa Falun. Maji tunachota kisimani. Choo ni cha shimo, kiko nyuma karibu na miti. Mume wangu anaviita hivi vyote mapumziko. Nilipomwonyesha mama hicho choo kwenye simu, yeye akiwa kibarazani kwake Tanga, alikitazama kwa makini, akauliza: "Sasa mwanangu, wewe ulikimbia nini huku?"

Na jina hilo, Doris. Huku mbwa wanapewa majina ya mabibi. Kwetu Doris ni yule dada wa dirisha la tatu benki, na ukimwita mbwa wako hivyo jiandae kuitwa kwa mjumbe. Mbwa wa kwetu ni Simba, ni Bobi, ni Tomi. Au anapewa jina la ujumbe, na hapo ndipo mambo yanaponoga, lakini nitarudi huko.

Kondoo hapa hawapo. Doris hajali. Anachunga watoto wangu, anachunga nyuki, anachunga mashine ya kukata majani, anamchunga bavyaa akienda chooni na kumrudisha. Anaamka na jua, na jua la Julai Dalarna halina adabu: linazama saa nne usiku na ikifika saa kumi alfajiri liko dirishani tena. Saa kumi na robo kuna pua ya baridi shingoni mwangu. Ndiyo, analala ndani. Ndiyo, kitandani. Mama hilo sijamwambia. Mama anaamini mbwa akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na akijua hali halisi ya shuka zangu atasema Dalarna nzima haina udongo wa kutosha.

Alienda shule pia. Wiki kadhaa za mafunzo ya vitoto vya mbwa, na ada ikalipwa. Alifundishwa kukaa, kusubiri, na kutazama mbwa mwenzake bila kwenda kumsalimu. Hilo la mwisho lilinigusa, maana ndilo somo nililofundishwa mimi mwaka wangu wa kwanza kwenye basi za Stockholm. Ana chipu chini ya ngozi, yumo kwenye daftari la serikali pamoja na mwenye kumiliki, na ana bima ya afya. Mjomba wangu mkubwa, mwalimu mstaafu, anasubiri ile bima kwa wote. Doris anayo. Kanuni za serikali zinasema mbwa wa ndani atolewe nje angalau kila baada ya saa sita wakati wa mchana. Niliwahi kufanya kazi kwenye jiko la hoteli moja ambako kanuni hiyo ingetufaa sana sisi wafanyakazi, lakini makala haya si ya hoteli.

Sasa hiyo tarehe. Kuanzia tarehe 1 Machi mpaka tarehe 20 Agosti, sheria ya Uswidi inataka mbwa asimamiwe namna ambayo hawezi kuzurura mahali penye wanyamapori. Sheria haitaji kamba, lakini ukiwa na Doris usimamizi mwingine haupo. Sababu ni nzuri, na ndicho kinachoniudhi. Ni msimu wa kuzaa. Kitoto cha paa wa huku kinalala kimya kwenye majani marefu, hakikimbii hata ukikikaribia, kinangoja mama. Kuna ndege wanaotaga chini kabisa, kwenye nyasi. Kuna yule mnyama wao mkubwa, älg, kama pofu aliyebebeshwa makoleo kichwani, naye ana ndama. Si lazima mbwa aume. Kucheza kwake tu kunatosha kuwatawanya. Kisha kuna kupe, ambao tunawatafuta kila jioni masikioni kwa kibano maalumu, na kuna nyoka mmoja tu mwenye sumu katika nchi nzima, naye analindwa na sheria kama waziri. Naelewa yote hayo. Kuelewa hakujawahi kumzuia mtu kununa.

Na siku ya Midsommar mbona hakuna aliyetaja tarehe? Mnazijua sherehe zile: Ijumaa ya Juni, mlingoti umevishwa majani na maua, watu wazima wenye shahada wanauzunguka wakirukaruka kama vyura. Kwa macho ya Doris, hao walikuwa kondoo mia mbili wanazunguka mti bila mchungaji. Akamponyoka mwanangu. Akainamisha tumbo mpaka karibu liguse majani, akazunguka upande wa nje, mara ya kwanza, mara ya pili, na kabla mpiga kodiani hajamaliza, duara la nje lilikuwa limesukumwa likaingia kwenye duara la ndani na mameneja wa benki walikuwa wanakanyagana vidole. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee yule yule alikuwepo, alipiga makofi. Hapo ilikuwa sherehe. Lakini dakika mbili kwenye majani yake, tarehe 20 Agosti.

Halafu sikiliza hili, maana ndilo linalonizungusha kichwa tangu juzi. Msitu ulio nyuma ya hayo majani ni wa huyo mzee. Ana hati. Na mimi kila wiki naingia humo na ndoo, nachuma blueberi zake, natoka na lita mbili, nampungia mkono na yeye ananipungia. Simuibii. Wana haki inayoitwa allemansrätten, imo mpaka kwenye katiba yao: mtu yeyote anaweza kupita kwenye ardhi ya mwenzake, kupiga hema usiku mmoja, kuchuma matunda pori na uyoga, mradi asisogelee mno nyumba ya mtu, asiharibu mazao, asiache takataka. Yaani mimi, binti wa Tanga, niko huru katika msitu wa Mswidi kuliko nilivyowahi kuwa kwenye shamba la shangazi yangu. Aliyefungwa ni mbwa.

Kwetu ni kinyume chake. Mtu ndiye mwenye mipaka. Ukikatiza shamba la watu bila hodi utakutana na panga, na mjini geti limeandikwa MBWA MKALI hata kama mbwa mwenyewe alikufa mwaka juzi. Ila mbwa, nani kamuuliza? Anapita popote, anajua msiba uko wapi na harusi iko wapi, anawahi kufika kuliko mialiko.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na mahindi mlimani, na mbwa wa kufukuza nyani na nguruwe. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, ugomvi wa hatua nne za mguu, umefika mpaka baraza la kata na kurudi. Masale ya mpakani yaling'olewa usiku yakapandwa tena mchana. Wazee hawa hawakusemeshana miaka. Basi babu akapata mbwa mpya, akamwita Mtanikoma. Kila magharibi alisimama ukingoni mwa shamba, akageukia nyumba ya jirani, akaita kwa pumzi zake zote: "Mtanikomaaa!" Mbwa alikuwa miguuni pake, hana haja ya kuitwa. Baada ya mwezi jirani naye akaleta mbwa. Jina lake Tutaona. Sisi wajukuu tulikaa kwenye jiwe kusikiliza mazungumzo ya wazee wawili wasiosemezana.

Babu alipofariki, siku ya arobaini jirani alivuka masale. Alikula pilau, akaomba dua, kisha akasema kwa baba, kama anayekumbuka jambo dogo: "Yule mbwa wenu, msimpe chakula mchana. Huwa anakula kwangu." Miaka sita Mtanikoma alikuwa akivuka ule mpaka kila adhuhuri kwenda kula makande kwa mtu aliyepelekewa ujumbe. Hatua nne zile zilizoshinda baraza la kata hazikumshinda mbwa.

Sijui hii inathibitisha nini. Mume wangu anasema inathibitisha kwamba mbwa wetu hawapewi chakula cha kutosha nyumbani, na hapo hakosei sana. Najua vilevile habari za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Uswidi umeshasahaulika. Mtoto wa darasa langu la tatu aliumwa, akachomwa sindano hospitali ya wilaya, na baba yake akauza mbuzi kulipia nauli. Mbwa anayezurura si hadithi tamu siku zote. Ndiyo maana kuna siku ya chanjo, uwanja wa shule, watoto wamepanga foleni kila mmoja anavuta mbwa wake kwa kamba ya katani, mbwa wamekaza miguu kwa mshangao, hawajawahi kufungwa chochote shingoni. Ndiyo siku pekee kwa mwaka mbwa wa kwetu anavaa kamba.

Jana nilimtumia kaka yangu picha ya Doris kando ya ziwa, amevaa mikanda yake ya kifuani, kamba nyekundu mkononi mwangu. Akajibu: "Mzuri. Ila mbona kila picha amefungwa? Kwani huko kila siku ni siku ya chanjo?"

Nikacheka, kisha hasira ya juzi ikarudi upya. Tunaondoka tarehe 14 Agosti, shule za watoto zinakaribia. Yaani Doris hatafunguliwa hata siku moja mbele ya macho yangu. Jioni nikatoka naye mpaka langoni, kamba nimeizungusha mkononi mara mbili, sheria imetimia. Nikageukia nyumba ya jirani. Nikavuta pumzi.

"Mtanikomaaa!"

Doris alikaa chini, kama alivyofundishwa shuleni. Ndege waliruka juu ya ziwa. Dirishani kwa mzee pazia lilisogea.

Leo asubuhi saa tatu amerudi. Kofia mkononi, nje ya lango, akangoja nimwone. Nikajiandaa. Lakini safari hii hakusifu mawaridi. Alichuchumaa taratibu kwa magoti yake ya uzee, akapitisha mkono juu ya mbao, akasema kwa kuvuta kila silabi kama mtoto anayejifunza kusoma: "Mta-ni-ko-ma." Doris akatikisa mkia mpaka kiuno. Mzee akafurahi, akarudia. Akasema ni jina zuri kuliko Doris, akauliza maana yake.

Nikamwambia ni jina la mbwa wa babu yangu, na hilo ni kweli tupu.

Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha soseji kilichofungwa kwenye karatasi, akamlisha juu ya lango.