Kulia na Kuume

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikaribia kumzamisha kijana mmoja kwa neno moja la Kiswahili sanifu. Naandika habari hii kwa sababu wengi wetu katika idara hii tutakuwa walimu, na nadhani kosa langu linaweza kumpata mwalimu yeyote, hata asiyepanda mtumbwi maisha yake yote.

Mimi ni mtu wa Kabambare, kusini mwa Maniema. Kwetu tuna mto Luama, unaoteremka kwenda kuingia Lualaba, lakini wengi wetu tunauvuka tu, hatuishi juu yake. Kupiga kafi nilijifunzia Kasongo, kwa mjomba wangu. Yeye alioa kwa Wagenya, watu ambao mto ni shamba lao na barabara yao, na amekuwa akivusha watu na mizigo tangu sijazaliwa. Mji wa Kasongo wenyewe uko mbali kidogo na maji. Bandari yake ni Kasongo-Rive. Hapo mjomba huwafundisha vijana wanaotaka kazi ya kuvusha. Hakuna klabu yenye jina wala kadi. Kuna mitumbwi mitatu, makafi machache, na wanafunzi wanaokuja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila likizo nikirudi, ninamsaidia.

Somo la kwanza hufanyika nchi kavu. Wanafunzi wanakaa mchangani mmoja nyuma ya mwingine, wanashika kafi, mkono mmoja juu kwenye mpini, mwingine chini karibu na ubapa, wanavuta hewa. Mjomba hurudia mambo yale yale. Usivute kwa mikono, vuta kwa mgongo. Usitazame kafi lako, tazama mgongo wa aliye mbele yako. Ukipanda mto, tembea kando, maana katikati maji yana nguvu. Ukivuka, elekeza kichwa cha mtumbwi juu kidogo ya pale unapotaka kufika, mto wenyewe utakurudisha. Na ukianguka, shika mtumbwi: mti hauzami, mtu ndiye anayezama.

Maneno ya mto yana ramani yake. Lualaba inatiririka kwenda kaskazini, kwa hiyo mtu wa bandarini akisema "juu" anamaanisha kusini, upande wa Kongolo, na "chini" ni kaskazini, upande wa Kibombo na Kindu. Mimi niliyezoea ramani ya ukutani, kaskazini ikiwa juu, nilichekwa sana mwaka wa kwanza. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari, nikaona nimeshajifunza kusikiliza. Kumbe bado.

Mwaka jana nilifika nikitokea Dar es Salaam, baada ya miaka mitatu ya masomo. Kati ya wanafunzi wapya alikuwamo kijana wa miaka 17 kutoka kwetu Kabambare. Familia yake ilikimbia vita vya vijijini, ikapanga chumba Kasongo. Alitaka kujifunza haraka ili alete pesa nyumbani. Hakujua kuogelea. Nilimpenda kwa sababu alinikumbusha nyumbani, na kwa sababu alipiga kafi kwa hasira, kama mtu anayelima shamba la mwenzake.

Siku ya tano mjomba aliniruhusu niongoze mtumbwi mmoja. Nilisimama nyuma kwenye uongozi, wanafunzi watatu mbele yangu, yule kijana akiwa wa kwanza kabisa. Kiangazi maji hupungua, na magogo yaliyofichika huanza kutoa vichwa. Tulikuwa tumefika karibu na katikati nilipoona gogo mbele yetu. Nilitaka kijana apige kafi upande wa kuume. Nikapiga kelele: "Kulia! Kulia!"

Kwa Kiswahili cha kwetu, kuume ni kuume. Kulia ni kutoa machozi. Kijana hakuelewa. Akafanya lile ambalo kila mtu hufanya asipoelewa: akageuka anitazame usoni, aulize. Alipogeuka na kiwiliwili chote, mtumbwi ukalala upande, naye akaenda majini.

Sehemu inayofuata ndiyo ngumu kuiandika. Macho yangu yalikuwa kwenye gogo. Nilipiga kafi tena, na tena, labda mara nne, mpaka tukalipita. Ndipo nikatazama nyuma. Kichwa chake kilikuwa mbali, kinaonekana na kupotea. Mjomba, aliyekuwa kwenye mtumbwi wa pili, alikuwa tayari ameshamkaribia. Alimnyoshea kafi, kijana akalishika, wakamvuta hadi ubavuni, wakarudi naye pwani akitapika maji.

Mjomba hakunigombeza mbele za watu. Alingoja mpaka jioni, tunakula ugali, akaniuliza:

"Mupwa, ulimuambia nini ule mutoto?"

Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema:

"Unaambia mutu alie katikati ya maji?"

Sikucheka, naye hakukusudia nicheke.

Niliporudi chuoni nilisoma tena habari za Nyangwe, soko la zamani kwenye ukingo wa Lualaba, kaskazini ya Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliufyatulia risasi umati wa sokoni, na wengi waliokimbilia mitumbwi walizama. Livingstone alikuwapo. Aliandika habari za mtu mmoja ndani ya mtumbwi mrefu, ambao ungebeba watu 40 au 50, aliyepiga kafi kupanda mto bila kuwatazama waliokuwa wakizama. Livingstone aliona kwamba akili ilikuwa imempotea. Mtu yule simhukumu. Alikuwa akikimbia mauti. Mimi sikukimbizwa na yeyote. Lakini ninazijua zile kafi zake, kwa sababu nilipiga nne kama hizo.

Darasani tunajifunza kwamba neno "kafi" ni la kale sana. Waganda wanasema enkasi, Wabemba inkafi, wasemaji wa Lingala nkai. Wataalamu wanayarudisha yote kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Najivunia kujua hayo. Lakini siku ile nilijua asili ya neno la kitu nilichoshika mkononi, nisijue kama mtu aliye mita 6 mbele yangu anaelewa ninachomwambia. Kiswahili chake ndicho nilichonyonya kwa mama yangu. Nilikuwa nimekiweka kando miaka mitatu kama nguo ya nyumbani.

Kesho yake nilienda kwao kuomba radhi. Mama yake alinikaribisha mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe ataamua mwenyewe. Alikaa wiki moja bila kuja. Aliporudi, tuliketi wote mchangani, na badala ya kuwapa maneno niliwaomba wao wayachague. Walichagua matano: vuta, acha, rudisha, kuume, kushoto. Kisha mmoja akasema kwamba penye upepo kuume na kushoto huanza sawa, zinaweza kuchanganyika. Basi wakakubaliana kwamba anayeongoza ainue pia kafi upande anaoutaka, na asiyesikia apige kafi moja kwenye ubavu wa mtumbwi, asigeuke. Sheria hiyo ya mwisho ilitoka kwa yule kijana. Mjomba aliiongeza kwenye masomo yake, nami nikaongeza yangu: anayeongoza ahesabu migongo kila baada ya kafi kumi.

Likizo hii nilirudi tena. Kijana sasa anavusha watu, na mdogo wake ni miongoni mwa wanafunzi. Nilipotaka kupanda nyuma, kwenye uongozi, alinishika mkono kwa heshima.

"Yaya, leo ukae mbele."

Nikakaa mbele. Katikati ya mto aliita "Kuume!", nami nikapiga kafi kuume.