Mkate ambao sikuula

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, na nyinyi wawili watatu mnaonisoma mshaanza kudhani nimedisko. Sijadisko. Ni msuli tu, na maabara, na ripoti za maabara ambazo nina wasiwasi kama kuna mtu anazisoma. Leo Jumapili usiku, mwenzangu wa chumbani kalala, feni inapiga kelele zake, na mie nina kisa.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nasoma uhandisi Malaysia, jimbo la Perak. Chuo kipo kwenye barabara ya kutoka Ipoh kwenda Lumut, kulia michikichi, kushoto michikichi. Kwetu Unguja, Ng'ambo.

Basi siku moja tuko maabara, tunangoja mashine ipate joto, njaa inauma, nikaanza kumsimulia mshikaji wangu (nitamwita W) habari za mkate wa ufuta. Mnaosoma kutoka bara mnisikilize vizuri, manake wengi mnautajataja tu. Unga wa ngano, chachu, tui la nazi. Unautandaza kwenye kikaango, ukishashika chini unakigeuza kikaango kifudifudi kuelekea makaa. Mkate umeng'ang'ania, hauanguki, unaiva kwa moto wa usoni. Juu ufuta. Nikamwambia W hakuna kitu kama kile dunia nzima.

W akacheka. Akasema kwao kuna mkate wa ufuta unabandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri, unaning'inia juu ya moto mpaka uive. "Mama yangu ndiye anaupika, anauza. Twende Jumamosi."

Hapa nisimame kidogo. W aliyasema hayo mbele ya kundi zima, hata jicho hakupepesa. Na si mara ya kwanza, tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza watu wote walijua mama yake ana tanuri. Mie, miaka miwili sasa, nikiulizwa mama anafanya nini najibu "anafanya biashara". Si uongo. Lakini nikisema hivyo naona kabisa mtu anafikiria ofisi, au duka lenye kiyoyozi, na namwacha afikirie. Mama anapika mikate ya ufuta na kuiuza. Wajomba walichanga, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya tiketi yangu ya ndege ilitoka kwenye kile kikaango.

Haya, tuendelee.

Jumamosi tukaondoka na kigari cha kaka yake, Kancil ya zamani, magoti yangu kidevuni. Baada ya kama saa moja tuko Sitiawan. Mji mdogo, maduka ya ghorofa moja yamepangana, na makanisa. Nikamuuliza W mbona makanisa mengi hivi kwa mji wa Wachina? Akanipa historia njia nzima. Mwaka 1903 kanisa la Methodisti lilileta watu 363 kutoka pande za Fuzhou, kusini mashariki mwa China, waje kufungua mashamba hapa. Foochow ndiyo jina la zamani la mji ule, ndiyo maana wenyewe wanaitwa Wafoochow. Walikuja na dini yao mpya, wakapewa msitu wafyeke, baadaye wakapanda mpira. Na walikuja na mkate wao. Wanauita gong pian.

Mkate wenyewe nao una hadithi. Wanasimulia kwamba karne ya 16 jenerali mmoja, Qi Jiguang, alikuwa akipigana na maharamia kwenye pwani ya Fujian. Askari wake hawakuwa na nafasi ya kukaa chini wapike. Wakapikiwa mikate midogo yenye tundu katikati, ikatungwa kwenye kamba kama shanga, kila mtu akavaa ya kwake shingoni, anatembea huku anakula. Na jina la mkate wanasema limetokana na jina lake. Kama kweli ndivyo ilivyokuwa sijui, lakini wazo nimelipenda. Siku za mitihani ningevaa ya kwangu.

Duka halina mapambo. Paa la bati, meza sita za plastiki, kalenda ya kanisa ukutani, na nyuma kabisa tanuri. Babu yake W ndiye aliyelianza. Mama yake huku tunamwita anti, kama wanavyoitwa akina mama wote watu wazima Malaysia, ndugu na si ndugu. Nilikaribia kumwamkia shikamoo, ulimi ukajizuia dakika ya mwisho, nikabaki nimeinama tu kama mtu aliyeangusha funguo.

Sasa lile tanuri. Ni kama mtungi mkubwa sana, umejengewa matofali na udongo pande zote, mdomo juu. Makaa yako chini. Anti anachukua donge, anatia vitunguu katikati, analikandika kwa kiganja, anapaka maji mgongoni na ufuta usoni, halafu (hapa ndipo nilipoacha kupumua) anauingiza mkono mzima ndani ya tanuri mpaka begani, PAA!, anabandika ukutani, anatoa. Sekunde moja. Donge lingine, PAA! Kwa mpangilio, safu kwa safu, bila kugusana. Baadaye kidogo yanaanza kuvimba na kupata rangi, na harufu... jamani, ile harufu. Ufuta unaoungua kidogo juu ya moto wa makaa. Nilifumba macho nikawa Ng'ambo, saa kumi alasiri, watoto wametumwa kununua mikate.

Wazee wa mwambao wataijua kazi hii, mkate wa mofa nao ulikuwa ukibandikwa hivi hivi kwenye ukuta wa jiko la udongo. Kwetu wanaopika kwa mofa wamebaki wa kuhesabu. Na kwa anti hali si nzuri sana. Mtu akijua kukanda, joto linamshinda. Kaka yake W yuko Singapore. W mwenyewe anasomea mabomba na mitambo.

Anti akaangua ya kwanza kwa upawa mrefu, akaweka tatu kwenye sahani, akazileta mpaka mezani kwetu. Moto, zinang'aa. Nikanyoosha mkono.

Anti akauliza kitu kwa Kifoochow. W akajibu. Anti akaivuta ile sahani upande wake kwa haraka, akanitazama usoni, akaniambia kwa Kimalay, "Tak boleh. Ada babi."

Haifai. Ina nguruwe.

Mafuta. Ndani ya unga wenyewe, na vitunguu vimekaangwa humo humo. W akajipiga kofi la paji la uso. Masikini, alikuwa kakumbuka zile zenye nyama ndani, akapanga kuniambia nisile hizo, mafuta ya kwenye donge hayakumpitia akilini kabisa. Na mie niliyelelewa na mama mpika mikate, hata kuuliza unga umekandwa kwa nini sikuuliza! Kaomba msamaha mpaka nikaona haya mimi. Anti ndiye hakuomba. Alimgombeza mwanawe maneno mengi ya haraka haraka, kisha akaenda duka la jirani akarudi na maji ya chupa na ndizi, akaniwekea mbele.

Kwa hiyo wadau, nimekwenda mpaka Sitiawan kula gong pian, nimekula ndizi.

Lakini sikuondoka. Nilikaa pale karibu saa mbili natazama. Wateja wanakuja na pikipiki, wanachukua kumi, ishirini, kwenye mfuko wa karatasi. Msongamano ulipopungua anti akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, anajipepea na kipande cha boksi. Akaniuliza, W akitafsiri pale Kimalay changu kilipoishia: unatazama sana tanuri, kwani mama yako anafanya kazi gani?

Neno "biashara" lilikuwa mdomoni. Naapa.

Nikasema, "Anapika mikate. Anauza." Nikamwonesha kwa mikono, kikaango, kinageuzwa hivi, makaa hapa. W akanigeukia, akanitazama kama nimebadilika sura. Hakusema kitu.

Anti akapandisha mkono wa nguo yake. Kutoka kiwiko kuja juu, alama. Za zamani nyeupe, za juzi nyekundu, moja bado mbichi. Akanionesha na kidole: mama yako pia?

Mama yangu pia. Za mama ziko kwenye viganja na ndani ya mikono, pale kikaango kinapoegemea wakati wa kukigeuza. Nikiwa skuli nilikuwa nikiona aibu akija na mikono ile siku ya wazazi. Hilo sikumwambia anti. Nawaambia nyinyi.

Jana usiku nikampigia mama. Huku saa nne, kwao saa kumi na moja jioni, kashamaliza kuuza. Nikamsimulia yote, tanuri, nguruwe, ndizi, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, na nimewaambia kwamba nawe unapika mikate.

Kimya kidogo. Halafu akaniuliza, "Kwani siku zote ulikuwa ukiwaambia nafanya nini?"

Nilitafuta la kusema sikulipata. Simu ikawa inakula salio bure.

"Biashara," nikasema mwisho.

"Basi si ndiyo biashara," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kisha akabadilisha mazungumzo, au labda hakubadilisha. Akataka kujua tanuri linabeba mikate mingapi kwa mara moja. Nikasema sikuhesabu, labda mia. Makaa kiasi gani? Mdomo wake upana gani? Ukuta ni udongo mtupu au una saruji? Mie mhandisi nilikuwa nimeangalia saa mbili nzima na sina jibu hata moja la maana. Akasema nikirudi kule nichukue vipimo, nimchoree, bei ya mkaa Unguja haishikiki na kikaango kinatoa mkate mmoja mmoja. Mafuta ya nguruwe watayaacha huko huko, yeye atatia tui.

Halafu kabla hajakata akaniuliza, yule mama akiungua anapaka nini? Nikamwambia sikumuuliza.

"Kamuulize," akasema.

W anarudi kwao Ijumaa. Nimeshamwambia aniwekee nafasi kwenye Kancil, nakuja na futi kamba.