Mpira mzito ulipunguzwa, wanyonge wakacheza

Kanada, nchi iliyopokea wakimbizi wengi wa Kongo, kuna mchezo wa kuviringisha mpira na kuangusha vigingi vitano vya mbao. Ulianzishwa na Thomas Ryan mjini Toronto mwaka wa 1909. Wateja wa ukumbi wake walilalamika: mpira wa vigingi kumi, wenye kilo kama saba, uliwachosha mikono. Ryan hakuwafukuza. Vigingi vikachongwa upya vikawa vidogo, vikabaki vitano, na mpira ukawa wa kutosha kiganjani.

Hata hivyo, ubingwa hauji bure. Leo kigingi cha katikati kina alama 5, viwili vya jirani 3 kila kimoja, vya pembeni 2. Mwenye kuangusha vyote kwa mpira wa kwanza mara 12 mfululizo anafikisha 450, hakuna zaidi.

Ryan hakujiandikishia haki ya mchezo huo. Alifariki mwaka wa 1961, lakini mchezo ungali unachezwa.

Ndugu wasikilizaji mlio kambini, mzee akishindwa na bidoni ya lita 20, asiondolewe kwenye foleni ya maji. Apewe ya lita 5.