Vidirisha Visivyobisha Hodi

Mgeni afikapo nyumbani kwa watu hubisha hodi, akangoja aitikiwe. Asipoitikiwa hubisha tena, na baada ya mara ya tatu huenda zake. Desturi hii yajulikana na kila mtoto, lakini programu nyingi za kompyuta hazikufunzwa. Mtu yu katikati ya sentensi, mara kidirisha chaibuka mbele ya kazi yake, nacho kimekwisha kuishika kibodi. Herufi anazopiga haziendi tena kwenye insha yake. Zaenda kwa mgeni huyo.

Wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu huona jambo hili kuwa udhia tu, kama udhia wa nzi. Mimi naona ni zaidi ya hapo, na sababu yangu ni hii. Kidirisha cha namna hiyo kwa kawaida huja na swali, na jibu moja limekwisha kuchaguliwa tayari. Ukibonya kitufe cha Enter, umejibu. Mara nyingi hata kile kitufe kirefu cha nafasi hujibu. Sasa fikiri, msomaji: mtu apigaye chapa hubonya kitufe cha nafasi baada ya kila neno. Basi atakuwa amekubali jambo kabla hajalisoma, na kidirisha kitatoweka asijue amekubali nini. Fundi wa kupiga chapa, ambaye macho yake hayatoki kwenye kioo, pengine atakiona. Sisi tulio wengi hutazama vidole vyetu, tukaja kuinua macho baada ya mstari mzima.

Katika darasa letu yumo mwenzetu asiyeona. Husoma kwa vidole, katika maandishi ya nukta nundu, na kwenye kompyuta hutumia programu iitwayo NVDA, ambayo humsomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Programu hii ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, na wote wawili ni watu wasioona. Hupatikana bure. Sauti ya Kiswahili inayo, ingawa ni kavu kama ya karani aliyechoka, na mwenzangu huiendesha mbio hata mimi sishiki neno hata moja.

Tangu tuko Kidato cha Kwanza insha zake zilikuwa zikiandikwa na mikono ya watu wengine. Yeye husema, mwingine huandika, na mwandishi huyo akiona neno halimpendezi hulibadili kimyakimya. Muhula huu alikataa. Alisema insha yake ya gazeti ataipiga mwenyewe, tangu kichwa hadi nukta ya mwisho, nasi tukae mbali. Mimi nilipewa kazi ya kukusanya insha za darasa letu, kwa hiyo nilikuwapo chumbani siku ile ya mwisho ya kuzipeleka kwa mhariri.

Alipiga aya mbili vizuri. Kisha akavua vile visikilizio vya masikioni, akavuta karatasi zake na kuanza kuzipapasa ili apate mawazo ya aya ya tatu. Alikawia, labda dakika nne au tano. Aliporudisha mikono kwenye kibodi akaanza kupiga kwa kasi, visikilizio vingali mezani. Kumbe programu ya kukinga virusi ilikuwa imekwisha kutoa kidirisha chake, ikiuliza kama ikague kompyuta nzima sasa. Nafasi ya kwanza aliyobonya ndiyo iliyosema ndiyo. Aya yote ikapotea hewani, na mashine yetu, ambayo si kijana, ikaanza kujikagua na kujikokota kama ng'ombe mgonjwa. Kipindi chetu ni dakika 40. Kengele ikalia bado inajikagua.

Wakatokea watu wema wakamwambia, "Basi wewe sema tu, tutakuandikia." Hakuwajibu. Alikusanya karatasi zake akatoka. Nalijua vema kwamba kama hatupati dawa, insha hiyo haitatoka kabisa. Nikamwendea mhariri kumwomba siku tatu, naye akanipa mbili.

Mwalimu wetu wa kompyuta alitueleza jambo ambalo sikulitazamia. Alisema katika Windows umo mlango wenye bawabu, nao uliwekwa tangu toleo la mwaka 1998. Programu usiyoitumia hairuhusiwi kuruka mbele wakati wewe unapiga chapa. Huachwa chini ya kioo, na kitufe chake humetameta kuomba ruhusa. Hiyo ndiyo hodi yenyewe! Lakini bawabu huyu ana zamu. Hesabu yake huanza kila unapogusa kibodi au kipanya, nayo kwa kawaida ni milisekunde 200,000, yaani dakika 3 na sekunde 20. Zikipita hujaligusa lolote, yeye huona umeondoka, na mlango huachwa wazi.

Tazama basi ni nani aumiaye. Yule arukaye kutoka neno hadi neno bila kufikiri analindwa daima. Anayesimama kutafuta neno katika kamusi, au kupapasa kurasa zake kwa vidole, ndiye avamiwaye. Sidhani kama waliopanga hesabu hiyo walikusudia ubaya, lakini hawakumfikiria mtu kama mwenzangu.

Mwalimu alifungua daftari la ndani la mashine, ambalo mwanafunzi haruhusiwi kuligusa, akatafuta mstari wa ForegroundLockTimeout na kuiongeza hesabu hiyo iwe 1,800,000, yaani nusu saa. Alituonya kwamba bawabu hawezi kuzuia yote. Programu uliyoifungua mwenyewe, ukarudi kupiga chapa wakati inajivuta kufunguka, ina ruhusa ya kuja mbele, maana wewe ndiwe uliyeialika. Kwa hiyo tukaenda kwenye mipangilio, tukawasha swichi ya kutosumbuliwa katika sehemu ya arifa. Ndani ya ile programu ya virusi tukachagua ikae kimya na kufanya ukaguzi wake saa za usiku mashine ikiwa macho. Programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe asubuhi tukazizuia, maana nyingine hakuna ajuaye zilikuja lini.

Kivinjari cha intaneti nacho kina vidirisha vyake, na hivyo vina historia. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, ndiye aliyeandika maagizo ya kufungua tangazo katika dirisha la peke yake, ili tangazo lisionekane limeambatana na ukurasa ambao mwenye tangazo hautaki. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Internet Explorer ilipata kizuizi cha madirisha hayo mwaka 2004, na siku hizi vivinjari vyote vikubwa vinacho. Linalobaki ni tovuti kuomba ruhusa ya kukuletea arifa. Sisi tumekataa zote mara moja katika mipangilio.

Kuna mmoja aliyesema tuzime kila kitu pasiwe na sauti yoyote. Hilo sikukubali. Betri ikikaribia kufa, na umeme wetu tunaujua, mashine yapaswa kupiga kelele hata kama unaandika sentensi nzuri kuliko zote maishani.

Mwenzangu naye alikuwa na lake. Alinionyesha kwamba akibonya Insert pamoja na T, NVDA humtajia jina la dirisha alilomo. Sasa kila akirudi kutoka kwenye karatasi zake hubonya kwanza, akasikiliza, ndipo aanze. Akikuta yumo mahali pageni hubonya Alt na Tab akarudi kwake. Mimi ninayeona nimeiga desturi hiyo kwa macho: nikinyamaza kidogo, natazama kioo kabla ya vidole.

Siku ya pili alikaa tena kwenye mashine ileile, akapiga kwa vipindi viwili. Katikati ya kipindi cha pili kitu kilimetameta chini ya kioo. Nikamwambia. Akauliza, "Kimeingia?" Nikajibu, "La, kiko nje." Akaendelea.

Insha yake imo katika toleo hili hili. Katika aya ya tatu pana neno moja lililokosa herufi. Aliniomba nisiliguse, nami sikuligusa.