Timu ya mji mdogo haiishi kwa mfuko mmoja

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali dogo kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili. Je, mji wa kwenu una timu ya kandanda? Sikuulizi kuhusu Arsenal wala Manchester United, ambazo najua unazishabikia hadi unakosa usingizi. Nakuuliza kuhusu timu ile inayocheza katika uwanja wa shule karibu na soko, ng'ombe wakilisha nyuma ya goli, na mpira ukitobolewa na seng'enge basi mechi imekwisha. Kama ipo, ni nani anayeilisha?

Mimi kwetu ni Moi's Bridge. Huu ni mji mdogo wa mahindi na maziwa, ulio upande wa Uasin Gishu, hatua chache tu kutoka Trans Nzoia. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi mmoja, Hoey, aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Reli ya kwenda Kitale inapita hapo, na maghala makubwa ya nafaka huonekana kutoka mbali. Ukitaka kitu kikubwa, iwe hospitali, korti au kandanda ya maana, unapanda matatu kwenda Eldoret.

Na kandanda ya maana ilikuwepo, usidhani natania. Wewe kijana uliyezaliwa juzi huenda hujui kwamba kulikuwa na miaka mitatu mfululizo ambapo Kombe la Moi, lililoitwa Moi Golden Cup, halikulala Nairobi. Mwaka wa 1995 lilichukuliwa na Rivatex ya Eldoret. Mwaka wa 1996 likaenda kwa Mumias Sugar. Mwaka wa 1997 likarudi Eldoret, safari hii mikononi mwa Eldoret KCC. Gor Mahia na AFC Leopards, pamoja na maelfu ya mashabiki wao, walibaki wakitazama timu za kiwanda cha nguo, kiwanda cha sukari na kiwanda cha maziwa zikipita na kikombe.

Siku hizo mimi nilikuwa mwanafunzi. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, na kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kupeleka mtungi wa maziwa barabarani. KCC iliposhinda kombe, mimi na wenzangu tulitembea vifua mbele. Tulijiambia kwamba maziwa yetu ndiyo yaliyonunua zile jezi. Baba alicheka akatuambia, "Maziwa ni yenu, lakini timu si yenu." Sikumwelewa siku hiyo.

Hebu tuangalie jinsi timu hizi zilivyokuwa zikiendeshwa. Mchezaji hodari alipewa kazi kiwandani. Alipata mshahara wa mwezi, na alipougua alikuwa na mwajiri. Basi la kiwanda ndilo lililobeba timu. Kwa kijana wa kijijini, kusajiliwa na timu ya kiwanda hakukuwa mchezo tu. Ilikuwa ajira, na ajira hiyo ilisomesha wadogo zake. Ndiyo sababu miji midogo iliweza kuwashika vijana wake hodari bila wote kukimbilia Nairobi.

Lakini wahenga hawakukosea waliposema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa wazi, mitumba ikajaa sokoni, na viwanda vya nguo vikaanza kuyumba. Rivatex iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka wa 1998, na kufikia 2000 mitambo ilikuwa imenyamaza. KCC nayo ilielemewa, ikauzwa mwaka wa 2000, kisha serikali ikairudisha mikononi mwake mwaka wa 2003. Viwanda vyenyewe vilifufuka: Chuo Kikuu cha Moi kilinunua Rivatex mwaka wa 2007, na ikafunguliwa upya ikiwa na mitambo ya kisasa mwaka wa 2019. Msomaji, nguo zilirudi na maziwa yalirudi. Timu zile zilizobeba kombe hazikurudi.

Usifikiri hiyo ilikuwa ajali ya Eldoret peke yake. Nenda Awendo, mji mdogo wa wakulima wa miwa katika kaunti ya Migori. Mwaka wa 2006 timu yao ya SoNy Sugar ilifanya jambo ambalo miji mingi mikubwa haijawahi kulifanya: ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Miaka 13 baadaye, katika msimu ulioanza 2019, timu hiyohiyo iliondolewa ligini kwa sababu ilishindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Bingwa wa zamani hakushindwa kwa mabao. Alishindwa kwa kukosa kufika.

Sasa nataka tuvuke bahari kidogo, kwa maana msiba wa wengi ni harusi. Mpwa wangu anasoma Glasgow, kule Scotland, na aliponisikia nikilalamika kwa simu kuhusu timu zetu, aliniambia, "Mjomba, usidhani ni Kenya pekee. Soma habari za Gretna." Nikasoma.

Gretna ni mji wenye watu wapatao 3,000 tu, mpakani kabisa mwa Scotland na Uingereza. Jirani yake ni kijiji cha Gretna Green, kinachojulikana kwa jambo jingine: zamani vijana wa Uingereza waliokatazwa na wazazi kuoana walitoroka usiku, wakavuka mpaka na kufungishwa ndoa na mhunzi. Timu ya Gretna ilianzishwa mwaka wa 1946, vita vilipokwisha. Kwa miaka mingi ilicheza katika ligi ndogo za upande wa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa karibu. Mashabiki walikuwa wachache na uwanja wao, Raydale Park, ulikuwa mdogo, lakini timu iliishi.

Mwaka wa 2002 Gretna iliingizwa katika ligi ya Scotland. Akajitokeza tajiri mmoja Mwingereza aliyeitwa Brooks Mileson, akafungua mfuko wake. Basi! Mwaka wa 2005 wakashinda daraja la tatu, 2006 la pili, 2007 la kwanza. Mwaka huohuo wa 2006, SoNy Sugar ilipokuwa bingwa kwetu, Gretna ilifika fainali ya Kombe la Scotland na kutoka sare ya 1-1 na Hearts, timu kubwa ya Edinburgh. Walishindwa kwa penalti tu. Hebu fikiria mji wenye watu wachache kuliko mkutano wa maombi, ukisimama fainali ya taifa!

Lakini walipoingia ligi kuu, uwanja wao haukutosheleza masharti. Wakalazimika kucheza mechi zao za nyumbani Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Mechi moja ya msimu huo ilitazamwa na watu wasiofika 500. Mapema mwaka wa 2008 Mileson akaugua na pesa zikakatika. Mwezi wa Machi timu ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, msimu ukaisha wakiwa mkiani, na kabla ya msimu mwingine kuanza klabu ikajiondoa ligini na kufa. Mileson mwenyewe alifariki Novemba mwaka huo. Sitaki umlaumu marehemu, kwa kuwa alitoa kwa moyo. Tatizo ni kwamba alitoa yeye peke yake.

Sasa sikiliza sehemu niipendayo zaidi. Mashabiki wale wachache hawakukaa chini kulia. Mwaka huohuo waliunda timu mpya, wakaiita Gretna 2008, wakaanza tena katika ligi ya chini ya eneo la mashariki. Hawakuwa na tajiri. Walikuwa na michango yao na kazi ya kujitolea. Baadaye wakarudi kucheza Raydale Park, nyumbani.

Utaniambia, "Hao ni Wazungu, wana pesa." La, ndugu yangu. Panda basi uende Kisii. Shabana ilianzishwa mwaka wa 1980, na jina lake lilitokana na duka la kuuza vifaa vya ujenzi mjini humo. Kwa hivyo nayo ilizaliwa kwenye mfuko wa mtu mmoja. Mwaka wa 2006 iliteremka kutoka ligi kuu, na kwa miaka 17 ikatangatanga katika ligi za chini. Timu nyingi zingesahaulika. Lakini watu wa Gusii, wa nyumbani na wa Nairobi, hawakuitupa. Baba alimrithisha mwana ushabiki wake, na timu ilipocheza mbali walijaza magari kuifuata. Mwaka wa 2023 Shabana ilirudi ligi kuu, na watu walicheza barabarani. Duka lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa mali ya watu wote, bila hati wala muhuri.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya baba. Eldoret tulikuwa na timu bora, lakini hatukuwa wanachama. Hakuna aliyetuuliza shilingi, na hakuna aliyetuuliza maoni. Siku mfuko ulipofungwa, sisi tuliopiga makofi hatukuwa na kitu cha kushika.

Kwa nini nakuandikia haya leo? Kwa sababu Moi's Bridge tunayo timu ya vijana, na mwanangu wa pili ndiye kipa. Wakati fulani wa kampeni alikuja mheshimiwa mmoja, akawaletea jezi mpya zenye jina lake kubwa kifuani, mipira minne, na ahadi ya kuwasafirisha msimu mzima. Vijana walifurahi, nasi wazazi tukashangilia. Uchaguzi ulipopita, simu yake ikawa haipatikani. Msimu ukaishia katikati kwa kukosa nauli. Vijana wawili niliowajua vizuri wakaanza kushinda kwenye chang'aa mchana kutwa. Mmoja wao amerudi uwanjani, mwingine bado.

Tuliitana wazazi, walimu, wenye maduka na waendesha bodaboda. Tukakubaliana kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi. Mimi nilichaguliwa mweka hazina, na kila mwisho wa mwezi hesabu hubandikwa kwenye mlango wa duka ambapo kila mtu anaisoma. Mama muuza mboga anayetoa hamsini yake ana haki ya kuniuliza pesa za nyavu zilikwenda wapi, na huniuliza kweli, tena mbele ya watu! Tajiri akitaka kusaidia tunamkaribisha kwa mikono miwili, lakini tunamwambia atoe kama mwanachama. Jezi zetu sasa zina jina la mji.

Hatujashinda kombe lolote. Tuko chini kabisa, na msimu uliopita tulifungwa mechi nyingi kuliko tulizoshinda. Lakini hatujakosa kufika uwanjani hata mara moja.

Basi wewe msomaji uliye mjini, uliyenunua jezi ya klabu ya Uingereza kwa maelfu ya shilingi, nina ombi moja. Sikwambii uache kuishabikia. Piga simu nyumbani leo, umuulize ndugu yako au mwalimu wako wa zamani kama timu ya kwenu bado ipo, na inakosa nini. Huenda ni mpira mmoja tu, au nauli ya kufika mji wa pili. Toa kidogo, kila mwezi, na udai kuonyeshwa hesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenye wenyewe wengi si rahisi kumwagika.