Vumbi la Magadi Litakuonyesha Pa Kuziba

Msomaji, kuna njia mbili za kujua kama raba za milango ya gari lako zingali hai. Ya kwanza ni kungoja mvua ya masika ije ikujulishe. Ya pili ni kuipakia jamii yako garini Jumamosi moja ya kiangazi, ukaweka maji ya kunywa na matunda kwenye buti, kisha ukashika njia ya Magadi. Ni mwendo wa kilomita 110 hivi kutoka Nairobi, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Njia hii ya pili ina raha zaidi, nayo ndiyo nitakayokupitisha leo.

Raba ninazozungumzia ni ile mipira myeusi inayozunguka milango, buti na, kwa magari yaliyo nalo, lile dirisha la paani ambalo mafundi huliita sanrufu. Ni nadra kumwona mtu akizitazama. Mnunuzi wa gari la mtumba kutoka Japani huuliza habari za injini, akapiga magurudumu teke, akafungua na kufunga redio, basi. Sheria hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingia humu nchini, lakini hata miaka 8 ya jua si michache kwa mpira. Na likishafika huku, gari hilo hutumikia miaka mingine mingi, likibadilishwa mafuta, breki na betri, huku raba zikiwa ni zile zile zilizotoka nalo kiwandani.

Haya, tuondoke. Ondoka mapema, maana Ongata Rongai haina huruma kwa anayechelewa. Ukishapita Kiserian barabara hupanda, na upande wako wa kulia vilima vya Ngong husimama kama migongo ya ng'ombe waliolala. Hapo ndipo Kona Baridi, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Upepo wa vilima hivi ni wa kutegemewa kiasi kwamba KenGen imesimamisha mitambo ya umeme kwenye mgongo wake wa kaskazini. Hapa funga vioo vyote, zima redio, waombe watoto wanyamaze kwa dakika mbili (hili ndilo gumu kuliko yote), kisha usikilize.

Ukisikia mluzi mwembamba karibu na sikio lako, raba ya mlango imelegea. Gari likienda kasi, shinikizo la hewa nje ya kioo hupungua, na sehemu ya juu ya mlango huvutwa nje kidogo, pengine upana wa ukucha tu. Raba nzima hutanuka ikaijaza nafasi hiyo. Raba iliyochoka hubaki pale pale ilipokandamizwa miaka yote, na hewa hupita ikipiga filimbi. Ili ujue ni wapi hasa, simama mahali pa salama, bandika selotepu kwa nje juu ya mwanya unaoushuku, kisha uendeshe tena kidogo. Mluzi ukinyamaza, umeshapapata.

Kutoka Kona Baridi barabara huteremka Bonde la Ufa, na masikio yataziba na kuzibuka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Magadi iko karibu mita 600. Miti hugeuka kuwa migunga, ng'ombe hugeuka kuwa mbuzi, na sweta ambazo mama alisisitiza zivaliwe asubuhi sasa zinarushwa kiti cha nyuma. Njiani hakikisha umesimama Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yangali chini pale pale, mamia kwa mamia, na daraja za mbao zimejengwa juu yake ili wageni watembee bila kuyakanyaga. Wanafunzi wanaosoma historia watafahamu zaidi kwa nusu saa hapo kuliko kwa muhula mzima wa kukariri.

Mkiwa mnatembea, gari linaungua juani, na huo nao ni mtihani. Mkirudi, kabla hujafungua vioo, pitisha kidole juu ya raba, hasa kwenye pembe. Mpira uliozeeka hunywea kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa hauna pa kupunguzia, hujivuta kwenye pembe na kujibandua. Gundi iliyokuwa imeshika asubuhi ya baridi huweza kuachia katika joto hili. Bonyeza kwa kidole gumba. Ikirudi juu mara moja, ingali hai. Ikibaki na shimo, au ikiacha weusi mwingi mkononi, siku zake zimehesabiwa.

Mji wa Magadi ni mji wa kampuni, na magadi yamekuwa yakichotwa hapa na kupelekwa nje kwa reli ya kutoka Konza kwa zaidi ya miaka 100. Ziwa lenyewe halifanani na ziwa. Lina rangi nyeupe, mahali pengine waridi, na heroe wamesimama humo kana kwamba joto la nyuzi 35 na zaidi haliwahusu. Lami huishia mjini. Wengi huendelea hadi kwenye chemchemi za maji moto upande wa kusini, na ni vyema kumchukua kijana wa huko awaongoze, kwa sababu ukoko ule mweupe unaoonekana mgumu kama saruji huweza kupasuka na kulimeza gurudumu. Njia ni ya changarawe na vumbi jepesi kama unga wa ngano.

Vumbi hilo ndilo lililotuleta huku. Mkifika chemchemi, waache watoto waende kuona maji yanavyochemka, lakini wewe fungua buti kwanza. Tazama zulia, tazama mdomo wa buti pale raba inapokaa. Mahali raba ilipobana, chuma kitakuwa safi. Mahali ilipolegea utaona mstari wa vumbi umeingia ndani, umepanuka kama mkia wa kuku. Hakuna fundi atakayekuchorea ramani nzuri kama hiyo bila malipo.

Sasa nisikilize vizuri. Gari likienda, huacha nyuma yake nafasi yenye hewa haba, na nafasi hiyo huvuta kila kilicho karibu. Ndiyo maana kioo cha nyuma huchafuka kabla ya vioo vingine. Ndiyo maana vumbi huingilia kwenye buti kwanza. Na bomba la ekzosi je, liko wapi? Liko hapo hapo, chini ya buti. Mwanya unaopitisha vumbi la Magadi hupitisha pia moshi wa injini, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Katika magari ya familia ambayo mlango wa nyuma huinuliwa juu, hakuna ukuta kati ya buti na viti. Watoto ndio hukaa nyuma, na watoto ndio hulala safarini. Mtoto akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, akahisi kichefuchefu, kisha akalala usingizi mzito, mzazi husema ni jua, ni soda aliyokunywa, ni kona za barabara. Huenda ni kweli. Lakini kama buti lako lina mkia wa kuku wa vumbi, usibahatishe. Simama, watoe wote nje wapate hewa safi, na asiyeamka vizuri apelekwe hospitali bila kungoja. Wala usifungue dirisha la nyuma peke yake ukidhani unasaidia, kwa sababu litavuta moshi zaidi. Kwa kurudi nyumbani fungua vioo vya mbele, uwashe feni ikivuta hewa ya nje. Hewa ikijaa ndani husukuma kutoka, na vumbi nalo litapata taabu kuingia. Ekzosi yenyewe ikaguliwe wiki hiyo hiyo.

Sanrufu ina hadithi yake, nayo si ya Magadi bali ya Nairobi. Wengi hawajui kwamba raba ya dirisha hilo haikuundwa kuzuia maji yote. Chini yake kuna mfereji unaokusanya maji yanayopenya, na kwenye pembe zake mna mirija myembamba inayoteremka ndani ya nguzo za gari hadi chini. Mwezi wa Oktoba mijakaranda yetu hutoa maua, mitaa ikapendeza kwa rangi ya zambarau, na kila mtu hutaka kuegesha gari kivulini. Maua huanguka, huoza, huziba mirija. Mvua ya vuli ikija, maji hujaa mfereji na kukumwagikia mapajani unapokata kona. Watu hukimbilia kupaka silikoni kuzunguka kioo chote. Wanaziba mlango ilhali choo ndicho kilichoziba! Mwaga kikombe kidogo cha maji kwenye pembe ya mfereji, utazame kama yatatoka chini ya gari. Yasipotoka, zibua taratibu kwa uzi mnene wa nailoni. Usikubali mtu apulize kwa mashine ya upepo ya kujazia magurudumu, kwa sababu mrija ukichomoka ndani ya nguzo, maji yote yataishia chini ya zulia, zilipo nyaya.

Jumatatu nenda Grogan. Jina rasmi ni Kirinyaga Road, lakini wakazi wa jiji wamekataa kumsahau Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, na kufika mwaka 1900. Leo hata yeye angepata shida kuvuka barabara yake kwa wingi wa mikokoteni, milango iliyotundikwa na vijana watano wanaokuuliza kwa pamoja, "Mzee, ni gari gani?" Usimjibu kila mmoja. Keti na fundi mmoja, mwonyeshe ramani yako ya vumbi.

Fundi mzuri hatakuuzia raba kabla hajaivua ile uliyo nayo. Ndani yake mna bati jembamba linalobana ukingo wa mlango. Mara nyingi bati hilo limetanuka tu, na likifinywa kwa koleo raba hushika kama zamani. "Hii haijafa, mama, imechoka," atakwambia, na hapo umeokoa pesa. Ikiwa lazima ubadilishe, hakikisha ni ya modeli ile ile na mlango ule ule, kwani ya kushoto haiingii kulia. Kiungo kikae chini, si juu mvua inakopiga. Na mwangalie mikono: asiivute raba ili ifike, aisukume. Iliyovutwa itanywea tena na kuachia pembe kabla ya Krismasi. Gundi iwe ya mpira, si ile ya matone inayokauka ikawa kama kioo.

Akimaliza, weka noti ya shilingi mia kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka kwa shida, mlipe. Ikitoka kama barua kwenye bahasha, mrudishie kazi yake. Kisha mtahadharishe anayekuoshea gari asipake raba dizeli wala mafuta ya taa ili zing'ae, maana huzilainisha na kuzivimbisha. Gliserini ile ile ya kupaka mwili inatosha, kidogo tu kwenye kitambaa, mara moja kwa miezi michache.

Usiku huo gari lilale milango imefungwa, gundi ishike. Mwosha magari akibisha hodi asubuhi na ndoo yake, mwambie arudi Jumatano.