Neno Lililonishinda Kwenye Ripoti ya Binti Yangu

Msomaji mpenzi, je, umewahi kusoma maneno ya Kiingereza unayoyajua vyema, na bado usielewe umeambiwa nini? Mimi yalinipata mwaka wa 2023, siku shule zilipofungwa muhula wa pili. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alinikabidhi ripoti yake akaingia chumbani bila kungoja neno. Alama zilikuwa zimeporomoka. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Moody. Withdrawn."

Mama watoto alinyoosha shingo akasoma. "Withdrawn? Ameondolewa wapi tena, na karo tumelipa?"

Usimcheke. Mimi pia neno hilo nimezoea kuliona kwenye karatasi za benki. "Moody" ndilo nililoliweza. Nilijua ni mtu wa kununa, mwenye kisirani. Basi nikamwita, nikamfokea nusu saa nzima, nikamnyang'anya simu na kuamuru awe akiamka saa kumi na moja alfajiri kufua nguo za nyumba nzima.

Sikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupotezwa na maneno haya. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu aliniandikia "dull". Baba hakujua Kiingereza, akaipeleka karatasi kwa jirani aliyekuwa karani. Karani akafikiri sana, akasema maana yake ni butu, kama kisu kisichokata. Likizo nzima ndugu zangu waliniita Kisu. Leo nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nikienda kulilia nyuma ya choo.

Tena ukichunguza, maneno haya yana historia ya ajabu. "Lunatic" limetokana na jina la Kilatini la mwezi, kwa kuwa watu wa kale waliamini mwezi ndio uletao wazimu. Sisi nasi husema fulani ana mwezi mchanga! "Melancholy" ni nyongo nyeusi kwa Kigiriki. Waganga wa zamani walidhani huzuni hutoka humo. Na "moron", ambalo leo ni tusi tupu, lilibuniwa mwaka wa 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, liwe neno la kitaalamu kwa mtu mzima ambaye akili yake inapimwa kuwa ya mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Lilizaliwa katika ofisi ya mtaalamu, likaishia midomoni mwa watu wagombanao.

Mwaka huohuo wa 1910 ndipo ilipofunguliwa hapa Nairobi hospitali ya wagonjwa wa akili, na jina lake lilikuwa na neno hilohilo la mwezi, "lunatic". Baadaye ikaitwa Mathari. Jina likabadilishwa, na sisi wakazi wa jiji tukaligeuza hilo jipya kuwa tusi. Nani hajawahi kumwambia mwenzake, "Wewe ni wa Mathari"? Nami nakiri, msomaji, kwamba hofu ya neno hilo moja ndiyo iliyonifanya nishikilie kisirani. Kisirani hakimpeleki mtu hospitali.

Wiki ya pili ya likizo mamangu alikuja kutoka Mombasa. Hakusoma ripoti. Alimketisha mjukuu wake barazani akamsuka nywele, mchana kutwa, siku mbili. Kisha akaniita kando.

"Mwanangu, huyu si mkaidi. Huyu ana ukiwa. Chakula anakipitisha tu mdomoni, na usiku halali. Wewe hukusikia?"

Nilisikia, ila sikuelewa. Mwezi mmoja nyuma, siku ya kuwatembelea wanafunzi, aliniambia kwa Kiingereza, "Dad, I feel numb." Nikatafsiri haraka kichwani: ganzi. Nikamjibu, "Ganzi ya nini? Umelalia mkono?" Akatabasamu kidogo, akanyamaza. Nadhani alinyamaza tangu siku ile.

Tulikwenda kliniki. Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: usingizi ukoje, hamu ya chakula, kuna kitu kinachokufurahisha siku hizi? Alipofika hapo, binti yangu alisema, "Hakuna," akaanza kulia. Daktari aliandika "depression", kisha akatueleza kuwa Kiswahili chake ni sonona. Si huzuni ya siku moja, alisema. Huwa inamkalia mtu karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, nayo hutibika. Nilitaka nitajiwe sababu. Akasema si lazima iwe moja, na kwamba kufua alfajiri si dawa. Mama watoto alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Ilichukua miezi. Alikuwa akienda kuzungumza na mshauri kila wiki, na kuna wiki alirudi akiwa vibaya kuliko alivyokwenda. Mimi nami nilijifunza kuuliza swali la mamangu: "Moyo ukoje leo?" Siku nyingi alijibu, "Mzito." Nami sikutafsiri, niliketi tu hapo karibu naye.

Jioni moja nikamuuliza nikiwa nimetarajia neno lile lile.

"Mwepesi kidogo," akasema. "Lakini Baba, simu umenirudishia. Chaja je?"